Swali Lenye Mwiba: Mafunzo kwa Mwalimu Kutoka Hoki ya Barafuni

Katika mwaka wangu wa pili wa kazi nilifundisha hisabati Kidato cha Pili katika shule moja ya bweni. Siku moja, nilipokwisha kuandika ubaoni jibu la swali la riba, mvulana wa dawati la nyuma alisimama akasema, "Mwalimu, jibu lako na jibu la kitabu hayafanani. Nani kati yenu amekosea?" Darasa zima likacheka. Nilimwamuru atoke nje, naye akakaa chini ya mwarobaini mpaka kengele ilipolia. Usiku ule, nikiwa na kitabu mbele yangu, niligundua kuwa aliyekosea ni mimi: nilisahau kugeuza miezi minane kuwa sehemu ya mwaka. Kesho yake nilisahihisha hesabu ile ubaoni bila kueleza lolote. Mvulana yule hakuuliza swali jingine hadi mwaka ulipokwisha.

Nalitaja jambo hili kwa sababu wanachuo wetu, kila warudipo kutoka mazoezi ya kufundisha, huja na lalamiko linalofanana: "Mwanafunzi aliniuliza kwa jeuri." Ukimdadisi mwanachuo akueleze aliulizwa nini hasa, aghalabu hakumbuki. Anakumbuka sauti, anakumbuka kicheko cha darasa, lakini swali lenyewe limempotea. Vitabu vya mbinu hueleza kwa kirefu jinsi mwalimu anavyopaswa kuuliza maswali. Juu ya jinsi anavyopaswa kuulizwa, husema machache mno.

Kwa nini hoki ya barafuni

Msomaji ana haki ya kushangaa kwamba mkufunzi wa nchi ya joto anakwenda kutafuta mifano kwenye barafu. Hoki tuijuayo sisi ni ile ya uwanja wa majani, ambayo Tanzania iliicheza katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na ambayo iliipatia Kenya nafasi ya nne katika Kombe la Dunia mjini Barcelona mwaka 1971. Jibu langu ni la kimbinu. Hapo awali nilitumia mpira wa miguu. Nilileta darasani mahojiano ya baada ya mechi ya Simba na Yanga, na kabla ya dakika kumi kupita sikuwa tena na somo: nusu ya darasa ilikuwa ikimtetea kocha, na nusu ikimzomea. Mchezo usiokuwa na mshabiki hata mmoja darasani huyaacha macho yote yamtazame mtu aliyeulizwa vibaya na namna anavyojibu.

Katika hoki hiyo, wachezaji sita kila upande huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye vyuma, wakipigania kwa magongo kisahani cha mpira mgumu. Ni mchezo wa kukumbana mabega, na ngumi humo si jambo geni. Ligi kuu yake, NHL, iliundwa Montreal mwaka 1917, na sasa ina timu 32 za Kanada na Marekani. Kila timu hucheza mechi zaidi ya 80 kwa msimu kabla ya mtoano wa kuwania Kombe la Stanley; kwa hiyo mchezaji huhojiwa mara nyingi kuliko mwanasiasa.

Mlango unapofunguliwa

Linalotuhusu hutokea baada ya mechi. Dakika chache baada ya king'ora cha mwisho, mlango wa chumba cha kubadilishia nguo hufunguliwa na waandishi wa habari huingia na vinasa sauti vyao. Mchezaji bado anatokwa na jasho, pengine ana mshono mpya juu ya jicho. Anazungukwa. Swali la kwanza huwa laini, lakini la tatu au la nne huwa na mwiba. Je, bao la pili lilikuwa kosa lako? Je, bado mnamsikiliza kocha wenu? Kwa mshahara unaolipwa, huoni haya?

Zile dakika chache za mlango kufungwa zina maana kubwa. Mtu aliyetoka kugombana hapewi kipaza sauti papo hapo. Anaachwa apumue kwanza. Mwalimu hana mlango wa namna hiyo, kwani swali humkuta amesimama na chaki mkononi. Lakini anaweza kujitengenezea mlango mdogo: ageuke, aliandike swali ubaoni kama lilivyoulizwa. Kwa muda ule wa kuandika hasira hupungua, na macho ya darasa huhama kutoka usoni mwake hadi kwenye maneno.

Wachezaji wa hoki hufundishwa tangu ujana majibu ambayo waandishi huyalalamikia kwa ukavu wake: hatukuanza vizuri, wenzetu walicheza vyema, sasa tunaitazama mechi ijayo. Tusiyadharau haraka. Majibu hayo hayamlaumu mwenzi, hayaahidi kitu, wala hayampi mpinzani neno la kwenda kulibandika ukutani. Tena yana adabu yake: mchezaji aliyelelewa vema husema "tulishinda" hata kama mabao yote ni yake, na "nilikosea" hata kama makosa yalikuwa ya watatu. Katika Kiswahili adabu yote hiyo hukaa ndani ya silabi moja, tu- au ni-, nami huwataka wanachuo waisikilize silabi hiyo kabla ya kusikiliza neno jingine lolote.

Hata hivyo, ngao hiyo haimtoshi mwalimu. Mwandishi akipewa jibu tupu hupoteza aya moja ya gazeti. Mwanafunzi akipewa jibu tupu hupoteza somo.

Mwiba na kiini

Swali kali lina mambo mawili ndani yake: mwiba, ambao humchoma anayeulizwa, na kiini, ambacho ndicho jambo linalotakiwa kujulikana. Ustadi wote ni kukijibu kiini na kuuacha mwiba upite. Ni rahisi kulisema, na wachezaji mashuhuri wameshindwa kulitenda.

Mfano niupendao ni wa Phil Kessel, mfungaji hodari wa Toronto. Mnamo Januari 2015, baada ya klabu kumwachisha kazi kocha wake, mwandishi mmoja alimwuliza kama yeye naye anahusika na kuanguka kwa kocha huyo. Kessel alimrudishia swali, akamwita mjinga mbele ya kamera, akaenda zake. Kiini kilikuwa halali kabisa, maana wachezaji wasipocheza anayefukuzwa ni kocha, lakini Kessel aliusikia mwiba tu. Mnamo Machi mwaka ule ule, waandishi walipokuwa wakimwandama nahodha wake, Dion Phaneuf, Kessel huyo huyo, ambaye kwa kawaida ni mtu wa maneno machache, alisimama akasema kwa kirefu kwamba ni aibu jinsi watu wanavyomsema mwenzake. Hasira ni ile ile na chumba ni kile kile. Safari ya kwanza alijitetea nafsi yake, safari ya pili alimtetea mwingine, na tofauti hiyo hata mgeni wa hoki huiona mara moja. Katika kiangazi cha mwaka huo aliuzwa kwa Pittsburgh, ambako alitwaa Kombe la Stanley mwaka 2016 na 2017.

Kinyume chake ni mlinda mlango Ilya Bryzgalov. Alijiunga na Philadelphia mwaka 2011 kwa mkataba wa miaka tisa, na tarehe 27 Oktoba mwaka huo timu yake ilifungwa na Winnipeg mabao 9 kwa 8. Waandishi walipomkabili, Bryzgalov hakuwangoja wamshambulie: alijieleza kuwa mchezo wake ni mbovu kabisa, kwamba hana imani na nafsi yake, na kwamba amepotea kama mtu aliye msituni. Utamlaumu nini mtu aliyekwisha kujilaumu kiasi hicho? Mwanzoni mwa Januari 2012, kabla ya mechi kubwa iliyochezwa nje uwanjani, aliwaambia waandishi kwamba ana habari njema na habari njema zaidi: ya kwanza ni kuwa yeye hatacheza, na ya pili ni kuwa kwa hiyo timu ina nafasi ya kushinda.

Wanachuo humpenda sana Bryzgalov, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Kujidhalili si kujibu. Baada ya maneno yake yote ya usiku ule, hakuna aliyejua ni nini hasa kilichoharibika langoni wala kingerekebishwaje. Mwalimu anayesema "Mimi hesabu zenyewe sizijui" ili darasa limhurumie, naye ameukimbia kiini kwa njia nyingine, tena njia tamu. Klabu ilimlipa Bryzgalov kuuvunja mkataba wake mwaka 2013. Sisemi kwamba ulimi wake ndio ulioleta hilo, lakini uliwafanya watu wamzoee kwa vichekesho.

Mzaha una mipaka mingine pia. Katika mtoano wa mwaka 1996, Jeremy Roenick wa Chicago alimfanyia dhihaka mlinda mlango wa Colorado, Patrick Roy, na waandishi wakampelekea Roy maneno hayo ili wapate ugomvi. Roy alijibu kwamba hawezi kumsikia Roenick kwa kuwa pete zake mbili za Kombe la Stanley zimemziba masikio. Colorado iliishinda Chicago na kulitwaa kombe mwaka huo. Ni jibu linalopendeza, lakini lilisemwa baina ya watu wa daraja moja. Mwalimu akimjibu mtoto kwa pete zake, yaani vyeti vyake, anaua nzi kwa mchi.

Kuna pia jibu la ahadi. Mwaka 1994 nahodha wa New York Rangers, Mark Messier, timu yake ikiwa nyuma kwa michezo 3 kwa 2 mbele ya New Jersey, aliwaambia waandishi kuwa watashinda mchezo wa sita. Akafunga mabao matatu katika kipindi cha mwisho, na hatimaye Rangers wakatwaa kombe ambalo hawakulipata tangu 1940. Watu humkumbuka Messier kwa sababu ahadi ilitimia. Simshauri mwanachuo.

Swali lisilokwepeka

Hapa nataka kuonya. Tukimfundisha mwanachuo kwamba kila swali kali ni mtego, tutakuwa tumemfundisha ubaya. Mnamo Oktoba 2021 ilichapishwa ripoti ya uchunguzi kuhusu klabu ya Chicago: mwaka 2010 mchezaji kijana alilalamika kuwa ametendewa uovu na mmoja wa makocha, na wakubwa wa klabu hawakuchukua hatua kwa wakati. Katika mkutano wa hadhara wa Februari 2022, mwandishi aliuliza klabu inafanya nini sasa ili jambo hilo lisitokee tena. Mwenye klabu, Rocky Wirtz, alikuja juu akakataa kulijibu, ingawa mwanawe aliyekuwa kando yake alikuwa tayari kujibu. Jioni ile ile alitoa taarifa ya kuomba radhi. Swali lile halikuwa na utovu wa adabu hata chembe. Mwiba alioutilia ni yeye mwenyewe aliyeulizwa. Walimu wakuu na wakufunzi nao wapo wanaoulizwa juu ya usalama wa watoto wakasikia matusi.

Zoezi darasani

Zoezi langu huchukua vipindi viwili. Mwanachuo mmoja hufundisha kwa dakika kumi, kisha hukaa mezani mbele ya wenzake kama mchezaji aliyetoka uwanjani. Wenzake sita wana vikaratasi vyenye maswali: mengine makali kwa sauti lakini yana kiini cha kweli, mengine ya upole lakini matupu. Anayeulizwa hana budi kwanza kukitaja kiini kwa maneno yake, kisha akijibu. Kuhusu adabu ya muulizaji, akitaka, atasema mwisho. Darasa huandika jambo moja tu: je, alikisikia kiini?

Mara ya kwanza niliwaacha waulizaji watunge maswali wenyewe. Likawa kosa langu, kwani waliingiza mambo ya bweni yasiyohusu somo, na nilisimamisha zoezi kabla halijageuka baraza la kusutana. Tangu hapo vikaratasi naviandika mimi.

Muhula uliopita nilikwenda kumkagua mwanachuo mmoja aliyepitia zoezi hili. Alikuwa akifundisha sehemu katika Darasa la Sita, nami nimekaa nyuma na fomu yangu. Msichana mmoja akasimama: "Mwalimu, jana ulisema ukigawanya, namba inapungua. Leo umegawanya 6 kwa nusu umepata 12. Umetudanganya lini, jana au leo?" Watoto wakaangua kicheko. Mwanachuo aligeuka, akaliandika swali lote ubaoni, pamoja na neno "umetudanganya". Kisha akauliza machungwa 6 yakikatwa nusu nusu ni vipande vingapi, akawaacha wahesabu wenyewe kwa kuchora. Mwishowe akasema, "Jana nilikosea. Nilisema inapungua daima. Futeni 'daima'." Ilichukua dakika tisa, na andalio lake la somo halikukamilika. Nilikaa na kalamu mkononi kupita kawaida yangu, kwa kuwa fomu ya tathmini ina nafasi ya alama za kumaliza somo kwa wakati, na haina nafasi ya lile nililokuwa nimeliona.