Mgeni wa Siku Chache Katika Shamba la Bwana

Kila ifikapo likizo, katika parokia nyingi za nchi yetu husikika habari za safari ya utume. Vijana hujiandikisha, wazazi huombwa nauli, na Jumapili moja baada ya Misa Takatifu kikundi hubarikiwa mbele ya altare. Kisha huondoka kwenda kukaa wiki moja au mbili katika kijiji cha mbali, wafundishe watoto, watembelee wagonjwa, wapake chokaa kuta za kigango. Wengine hutoka ng'ambo, Ulaya na Marekani, nao huja kwa nia iyo hiyo. Wapo pia wanaopanda boti Dar es Salaam kwenda Unguja, na kabla ya kufika gatini huiona kwa mbali minara miwili ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu juu ya mapaa ya Mji Mkongwe.

Mzazi anayetoa nauli hiyo ana haki ya kuuliza: Je, safari hii yafaa nini? Nauli ya vijana kumi yaweza kununua madaftari ya watoto wengi wa shule. Na mwenyeji wa kijijini naye, akiulizwa kwa upole, huenda akasema kwamba amewaona wageni wengi wakija kwa nyimbo na kuondoka kwa machozi, wala hakumbuki walichokiacha. Swali hili ni zito, nasi twapenda kulijibu leo bila kumvunja moyo kijana yeyote mwenye nia njema.

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakumkataa mgeni wa siku mbili, walimkirimu. Lakini walijua kwamba shamba hulimwa na yule anayekaa. Hapo ndipo penye fundisho letu lote: mtume wa siku chache afaa kwa kadiri anavyowatumikia wale wanaobaki.

INJILI YATUFUNDISHA NINI

Bwana wetu Yesu Kristu mwenyewe alituma watu kwa safari fupi. Mwinjili Luka, katika sura ya kumi, atueleza jinsi alivyowateua wafuasi sabini na wawili, akawatuma wawili wawili. Na tutazame vema maagizo yao. Waliambiwa wasichukue mfuko, wakae katika nyumba moja, wale na wanywe wanachopewa na mwenye nyumba. Maana yake ni kwamba waliingia kama wageni wenye kuhitaji, si kama matajiri wenye kugawa. Tena walitumwa kwenye miji ambayo Bwana mwenyewe alikuwa karibu kuifikia. Kazi yao ilikuwa kutangulia. Mwenye kazi alikuwa anakuja nyuma yao.

Waliporudi walijaa furaha kwa makuu waliyoyatenda. Bwana hakuwanyima furaha, bali aliielekeza mahali pengine, wafurahi kwamba majina yao yameandikwa mbinguni. Kila kijana arudiye kutoka safari ya utume akiwa na picha nyingi na hadithi nyingi angefanya vema kuisoma sura hiyo kabla hajasimama kutoa ushuhuda kanisani.

MFANO WA UNGUJA

Historia ya Unguja yatupa mfano wa wazi. Mwezi wa Desemba 1860, Padre Armand Fava alifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion, na Noeli ya mwaka huo Misa Takatifu iliadhimishwa mjini. Sultani wakati huo alikuwa Majid bin Said, aliyetawala tangu 1856 hadi 1870, naye aliwapokea. Mji huo ulikuwa soko kubwa la watumwa. Kila mwaka watu walioporwa bara waliletwa kwa majahazi na kuuzwa hadharani.

Padre Fava hakukaa Unguja hadi mwisho wa maisha yake. Mwaka 1871 alifanywa Askofu wa Martinique, na mwaka 1875 Askofu wa Grenoble huko Ufaransa. Ukiihesabu miaka yake ya Unguja, ni michache mno. Je, tumwite mgeni wa siku mbili? Tutazame alikuja na nani. Alifuatana na mapadre wenzake, daktari, mafundi wa kazi za mikono, na masista wa shirika la Mabinti wa Maria. Shirika hilo lilianzishwa Réunion mwaka 1849, mara tu baada ya utumwa kukomeshwa kisiwani humo, nalo liliwakusanya katika nyumba moja wanawake waliozaliwa huru na wanawake waliotoka utumwani. Basi mtoto aliyekombolewa sokoni Unguja aliweza kulelewa na mtawa ambaye yeye mwenyewe, au mama yake, alikuwa amejua utumwa ni nini. Kabla mtoto yule hajafundishwa neno lolote, alikuwa na jambo la kujifunza kwa kumtazama mlezi wake tu.

Walianzisha matibabu ya wagonjwa, mafundisho ya watoto, na karakana. Mwaka 1863 kazi ilipokelewa na Mapadre wa Roho Mtakatifu wakiongozwa na Padre Anton Horner. Mwaka 1868 walivuka kwenda Bagamoyo, na kutoka huko Imani ilisafiri kwenda mbali bara. Familia nyingi zinazosoma gazeti hili, zikiifuata historia ya ubatizo wa mababu zao, zitafika Bagamoyo; na nyuma ya Bagamoyo iko Unguja, na Noeli ile ya 1860. Mwanzilishi aliondoka, kazi ikabaki, kwa sababu tangu siku ya kwanza aliwaleta watu wa kubaki na kuiacha mikononi mwao.

Wala gharama ya kubaki haikuwa ndogo. Anayetembelea makaburi ya wamisionari pale Bagamoyo atasoma majina ya watu waliokufa wangali vijana, kwa homa na maradhi ya pwani.

Ndugu zetu Waanglikana nao wana mfano wao mjini Unguja. Edward Steere alikubali kumsindikiza rafiki yake Askofu Tozer kwa mwaka mmoja au miwili tu. Walifika Unguja mwaka 1864. Akaanza kujifunza Kiswahili kwa wenyeji, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha kukifundisha. Akawa Askofu mwaka 1874, akasimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa, akafariki Unguja mwaka 1882. Na kwa upande wetu, Padre Charles Sacleux alifika mwaka 1879, akakaa karibu miaka ishirini akiwasikiliza watu wa pwani na visiwa. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka Paris mwaka 1939 tu, yeye akiwa mzee wa miaka themanini na zaidi. Watu hawa waliweza kusema kwa sababu walianza kwa kusikiliza.

Hata hivyo, Mama Kanisa hawadharau wanaokwenda kwa muda. Mwaka 1957 Baba Mtakatifu Pio wa Kumi na Mbili, katika barua yake Fidei Donum, aliwahimiza maaskofu kuwaazima mapadre wao kwa majimbo ya Afrika, hata kwa muda uliowekewa mpaka. Lakini padre wa namna hiyo huwekwa chini ya askofu wa mahali anapokwenda. Huko hufanya kazi ya jimbo lile, haendi na kazi yake mfukoni.

MAMBO MATATU YA KUSHIKA

Kutoka mifano hiyo twapata mambo matatu, nayo yawafaa vijana wetu kama yanavyowafaa wageni wa ng'ambo.

La kwanza: nendeni mkiisha kuitwa, na mfanye lililoombwa. Paroko, katekista na wazee wa kigango wajua linalohitajika. Kikundi kikija na shauri lake la kujenga ukuta, na katika kijiji kile wapo waashi wasio na kazi, basi wageni wamewanyang'anya wenyeji riziki kwa jina la sadaka. Afadhali fedha ziwalipe waashi, na vijana wachanganye udongo chini ya amri yao. Tena mgeni asiyeuliza hupoteza hata muda. Katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, kama Paje na Jambiani, akina mama wengi hulima mwani, na kazi hiyo hufuata bahari: maji yakipwa sana wakati wa bamvua, wako baharini. Anayeitisha mkutano wa akina mama siku hizo atakuta viti vitupu, naye huenda akarudi nyumbani kusema kwamba watu wa kule hawana bidii, na kumbe wakati ule walikuwa majini wakivuna riziki ya watoto wao.

La pili: heshimuni nyumba mnayoingia. Katika Zanzibar karibu watu wote ni Waislamu, na Wakristu ni wachache mno. Mgeni apige hodi kwa sheha, akae barazani, angoje kukaribishwa. Avae kwa staha, aiheshimu Ijumaa, asile hadharani mwezi wa Ramadhani. Zaidi ya hayo, asiifanye sadaka kuwa chambo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya utume ya Desemba 7, 1965, ulikataza kabisa kumlazimisha mtu au kumvuta kwa hila aingie katika Imani. Dawa, daftari na kikombe cha maji vyatolewa kwa sababu jirani ni mtoto wa Mungu. Hilo latosha kuwa sababu.

Tena mgeni akumbuke kwamba neno lake la siku moja litabaki na wengine mwaka mzima. Yeye atapanda boti. Mkristu wa Unguja atabaki na jirani yake, watakutana kisimani, sokoni na msibani. Kanisa la Zanzibar limejua machungu. Jumapili ya Februari 17, 2013, Padre Evarist Mushi aliuawa kwa risasi nje ya kanisa alipokuwa akienda kuadhimisha Misa. Waamini hawakukimbia, wala hawakuacha kuishi na majirani zao kwa amani. Amani hiyo wameijenga kwa uvumilivu wa miaka mingi. Ole wake mgeni atakayeitikisa kwa ulimi usiopimwa, ili tu apate hadithi ya kusimulia kwao!

La tatu: hesabuni kinachobaki. Kabla ya kuondoka nyumbani, kikundi kijiulize: Siku ya pili baada ya sisi kurudi, nani ataendelea? Kama mmefundisha watoto nyimbo, je, mmemfundisha pia kijana wa pale atakayewaongoza? Kama mmeleta mashine ya kushonea, yuko fundi, na uzi utanunuliwa wapi? Zawadi ndogo ndogo zinazotupwa kwa watoto barabarani huwafundisha kunyoosha mkono na kumdharau baba asiyeweza kutoa kama mgeni. Zawadi iliyopitia kwa wazazi, kwa mwalimu au kwa katekista humheshimisha yule ambaye mtoto atabaki naye. Na kinachobaki chaweza kuwa urafiki: barua mwezi wa pili, nauli ya katekista, sala ya kila juma kwa jina la kigango, na kuwaalika wenyeji nao waje kwetu kutufundisha.

KWA WAZAZI NA VIJANA

Basi, mzazi mpenzi, mtoto wako akija kuomba nauli, usimkatalie kwa haraka wala usimpe kwa haraka. Muulize ni nani aliyewaita, watakuwa chini ya nani, na nini kitabaki. Akiweza kujibu, mpe na umbariki. Asipoweza, mtume arudi kwa viongozi wake akaulize. Kuuliza huko tayari ni sehemu ya utume.

Nawe kijana, nenda. Nenda na masikio mawili na mdomo mmoja. Ukipewa jembe siku ya tatu, lipokee, ulime mstari ule ulioonyeshwa na mwenye shamba, kisha ulirudishe mahali pake likiwa safi. Na kama usiku mmoja, ukisikiliza bahari ya Unguja, moyo wako utakuambia kwamba siku hizi chache hazitoshi, usiinyamazishe sauti hiyo. Yule aliyekwenda Unguja kwa mwaka mmoja au miwili alizikwa kule. Mwambie paroko wako. Shamba la Bwana bado lina haja ya watu wa kukaa.

Maswali ya kuzungumza nyumbani baada ya Rozari:

1. Katika kigango chetu, ni mgeni gani aliyetusaidia kweli, na alifanya nini?

2. Je, tuna majirani wa dini nyingine? Tunawatembelea wakati wa raha na wa msiba?

3. Juma hili familia yetu yaweza kumsaidia nani kati ya wale wanaobaki: katekista, mwalimu, au sista wa zahanati?