Mizinga ya Baba Isiwe Siri ya Mume



Hapa Funyula nilirithi kwa baba mizinga mitano ya magogo, naye aliirithi kwa babu. Alinionyesha mti wa kila mzinga, majira ya kurina asali na namna ya kufukiza moshi. Kisha akasema, "Mambo haya ni ya wanaume." Nikatii bila kuuliza.

Mwaka mmoja niliugua asali ikiwa imeiva. Mke wangu alihitaji karo ya watoto, lakini hakujua kurina. Akamwita kijana fulani, naye akakata kila sega, hata yenye watoto wa nyuki. Makundi matatu yakahama. Nilipopona nilianza kumlaumu mama watoto. Akanijibu kwa upole, "Baba, ulinifundisha lini?" Nikanyamaza.

Wapendwa wanandoa, tujifunze mambo matatu.

Kwanza, fundishaneni. Tulisema mwanamke hapandi mti. Lakini tangu miaka ya 1970 Kenya ina mzinga wa vijiti vya juu, unaoning'inizwa kwa waya usawa wa kiuno. Mke aweza kuinua sega moja moja akiwa amesimama chini. Tena, nyuki wote wanaokusanya asali ni majike!

Pili, rineni kwa kiasi. Vaeni nguo za kujikinga, nendeni jioni, fukizeni moshi kidogo. Chukueni masega yaliyofunikwa kwa nta, maana asali yake imeiva. Acheni yenye watoto, na akiba ya chakula cha nyuki wenyewe.

Tatu, fedha za asali na nta zihesabiwe na wote wawili. Fedha zinazofichwa huleta shaka nyumbani.

Usiku wa Pasaka, katika Mbiu ya Pasaka, Kanisa hutaja kazi ya nyuki waliotupatia nta ya mshumaa. Nyuki mfanyakazi huishi majuma machache tu wakati wa kazi nyingi, lakini kundi hudumu, kwa sababu wengine hushika kazi yake. Nasi tutaondoka siku moja. Urithi usizikwe pamoja nasi.

Jioni ya leo mjiulizane:
1. Ni kazi gani ya nyumba yetu ambayo mmoja wetu tu anaijua?
2. Tutaanza lini kufundishana, na kuwafundisha wana na mabinti zetu?