Mizani ya Haki na Mnada wa Simu

Somo: Mambo ya Walawi 19:35-36; Amosi 8:4-6

Sheria ya Musa yavitaja vitu vya sokoni kwa majina yake: mizani, mawe ya kupimia, efa na hini. Naye Amosi aliwakemea wafanya biashara waliopunguza kipimo na kuuza hata makapi ya ngano.

Sisi wa Karagwe na Kyerwa twalielewa neno hili upesi, kwa sababu ya kahawa. Mnunuzi akitia mkono katika gunia la maganda, ajua kama yamekauka na kama yana mawe. Katika msimu wa 2024 kahawa ya vyama vyetu iliuzwa kwa mnada wa mtandaoni wa TMX, na mtu aliye mbali alitaja bei asiishike hata punje moja. Aliweza, maana kahawa ilikwisha kupimwa, na chama chajulikana kilipo.

Fedha ya kahawa ikiingia, nasi twanunua kwa simu: pikipiki iliyotumika, sola, hata gari. Hapo mara nyingi hakuna ghala wala chama, ila picha na maneno. Basi tulipekue tangazo kama gunia, hasa lile lisilosemwa. “Injini nzima” haituambii kadi ni ya nani. Tuombe picha ya kadi pamoja na namba ya chasisi, tuone kama zinalingana. Picha nzuri mno huenda imeokotwa kwingine; tuombe ipigwe nyingine leo. Katika minada ya magari ya Japan hutolewa karatasi ya ukaguzi, na alama R huonyesha gari lililopata ajali likatengenezwa. Muuzaji anayeificha karatasi hiyo aulizwe kwa nini.

Anayetuharakisha tutume kianzio kwa kuwa wengine wanangoja, tumwache awauzie hao wengine! Kitu kikiwa Bukoba au Mwanza, hatukosi ndugu huko wa kwenda kukitazama kabla ya fedha kutumwa. Ujumbe wa tapeli upelekwe namba 15040, na aliyeibiwa aende polisi bila kuona haya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 yamhusu.

Ya kuzungumza katika vikundi:

1. Kwa nini Mungu ashughulike na mawe ya mizani?

2. Tukiuza ng’ombe mwenye kasoro, je, twaitaja kabla ya kuulizwa?