KUTAFUTA ASILI YA UKOO KATIKA KUMBUKUMBU ZA MADAI YA FIDIA YA MWAKA 1897

Jamaa nyingi za Unguja na Pemba zimerithi kutoka kwa wazee wao neno moja tu kuhusu asili yao ya bara: Mnyasa, Mmanyema, Mzaramo au Mkaguru. Neno hilo halitaji kijiji wala jina la mama. Makala haya yanaeleza namna kumbukumbu za Serikali zinavyoweza kumsaidia anayetafuta zaidi ya hapo, na mahali msaada huo unapokoma.

CHIMBUKO LA KUMBUKUMBU HIZO

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuuondolea utumwa nguvu ya kisheria katika Unguja na Pemba. Ni vyema ikafahamika kuwa amri hiyo haikumwacha huru kila mtumwa siku ile. Aliyetaka uhuru alilazimika kwenda mwenyewe kuuomba, na bwana aliyethibitisha kuwa alimmiliki kihalali alilipwa fidia na Serikali. Aidha, aliyeachwa huru alitakiwa aonyeshe mahali atakapoishi na njia ya kujipatia riziki. Utaratibu huo uliendelea hadi amri ya tarehe 9 Juni 1909 ilipoifuta hali ya utumwa kwa wote. Madai ya fidia yalifungwa mwisho wa mwaka 1911.

Kwa hiyo, karatasi hizo ziliandikwa kwa ajili ya malipo. Karani alitaka kujua nani analipwa, kwa sababu ya mtumwa yupi, na kwa kiasi gani. Asili ya mtumwa haikuwa shabaha ya kazi yake.

NAMNA YA KUANZA

Mwenye kutafuta aanze nyumbani. Aandike majina ya wazee, majina yao ya utani, shamba au mtaa walioishi, na hasa jina la mwenye shamba. Jina la bwana ndilo lenye manufaa zaidi, kwani yeye ndiye aliyekuwa mdai. Majina kama Mabruki, Feruzi, Baraka na Juma yalichukuliwa na watu wengi mno, na peke yake hayatoshi kumtambulisha mtu.

Baada ya hapo aende kwenye Nyaraka za Taifa, Kilimani. Pamoja na kumbukumbu za madai, aulizie orodha za watumwa wa Wahindi raia wa Kiingereza, walioachwa huru na Konseli Rigby kuanzia mwaka 1860. Orodha hizo ni za zamani zaidi, na zinataja makabila. Asisahau pia hati za wakfu, maana wapo wenye mali walioweka wakfu nyumba au mashamba kwa ajili ya mahuru wao.

MFANO WA MKAGURU

Tuchukue mfano wa jamaa iliyoambiwa kuwa bibi yao mkuu alikuwa Mkaguru. Nchi ya Wakaguru ni milima na mabonde yanayozunguka Gairo, Mkoa wa Morogoro, mahali zilipopita njia za misafara kati ya pwani na Mpwapwa. Hapo pana jambo la kuzingatiwa. Kamishna wa mambo ya utumwa katika Unguja baada ya amri ya 1897, Bwana J. T. Last, aliwahi kuwa mmisionari Mamboya, katika Ukaguru huo huo, na mwaka 1886 kilichapishwa kitabu chake cha sarufi ya Kikaguru. Hivyo, Mkaguru aliyefika mbele yake alimkuta mtu aliyeijua nchi yake na lugha yake. Hata hivyo, ujuzi wa afisa haukubadilisha fomu ya madai. Fomu ilihusu fidia.

Tatizo kubwa zaidi ni hili. Wakaguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Masuria, kwa upande wao, waliachwa nje ya amri ya 1897, wakaingizwa katika ile ya 1909. Watoto wao walikuwa huru kwa nasaba ya baba, na suria aliyemzalia bwana wake alikuwa huru bwana alipofariki, kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu. Basi mwanamke ambaye Gairo wangeanza kwa kumuuliza ukoo wake ndiye ambaye kumbukumbu za madai hazimtaji. Mwenye kumtafuta atazame kumbukumbu za mirathi na wasia za mahkama za kadhi, ambamo mama wa watoto huweza kutajwa.

Bara nako zipo karatasi za namna nyingine. Serikali ya Kijerumani ilitoa hati za uhuru katika maboma yake, na majalada ya utawala huo yamehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Gairo imekuwa wilaya tangu mwaka 2012 tu. Kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya Kilosa. Anayetafuta asitegemee kuliona jina la Gairo juu ya majalada ya zamani. Atafute Kilosa na Mpwapwa.

TAHADHARI

Kutoonekana kwa jina si ushahidi kuwa mtu hakuwapo. Wengi hawakwenda kuomba uhuru. Waliafikiana na mabwana zao, walihama, au walifariki kabla. Vile vile, kabila lililoandikwa huenda lilikuwa jina la njia au soko alikopitia mtu, na wengi walibadilisha majina na makabila yao baada ya kuwa huru.

Hatimaye, wananchi wanakumbushwa kuwa majina yaliyomo ni ya wazee wa watu walio hai, majirani zao wakiwemo. Atakayeona jina la ukoo usio wake asilitangaze wala asilitumie kumdhalilisha mtu. Wazee waliobaki waulizwe mapema, kwani jina la mama ambalo karani hakuliandika huenda bado linajulikana kwao.