NGUZO YA NELSON MJINI LONDON

Katikati ya mji wa London kipo kiwanja kikubwa kiitwacho Trafalgar Square. Hapo imesimama nguzo ndefu ya mawe ya matale, na juu yake sanamu ya Horatio Nelson, amiri wa manowari. Mgeni afikaye huinua kichwa kumtazama, kisha huenda zake. Lakini afanyaye hivyo hukosa nusu ya habari.

Jina la kiwanja latokana na Rasi ya Trafalgar katika pwani ya Hispania. Jina hilo lina asili ya Kiarabu, na mwanzo wake ni neno "taraf", yaani ncha au ukingo, ambalo ndilo lililozaa neno "tarafa" la Kiswahili. Karibu na rasi hiyo, tarehe 21 Oktoba 1805, manowari kubwa 27 za Waingereza zilipigana na manowari 33 za Wafaransa na Wahispania. Waingereza walishinda, wala hawakupoteza hata manowari moja. Lakini Nelson alipigwa risasi juu ya sitaha ya manowari yake, Victory, akafa siku iyo hiyo.

Kazi ya kujenga nguzo ilianza mwaka 1840, na sanamu ikapandishwa juu mwaka 1843. Aliyebuni umbo lake ni William Railton. Fedha zilichangwa na watu. Zilipopungua, serikali ikaimaliza kazi. Simba wanne wa shaba nyeusi, kazi ya Edwin Landseer, waliwekwa mwaka 1867. Kwa muda mrefu vitabu viliandika kuwa urefu wake ni futi 185. Mwaka 2006, nguzo iliposafishwa, ilipimwa upya, ikaonekana ni futi 169 tu, yaani mita 51.6. Neno lililoandikwa mara nyingi si lazima liwe kweli. Kipimo ndicho hukata shauri.

Sasa na tutazame chini. Kila upande wa msingi pana bamba kubwa la shaba nyeusi, lililosubiwa kwa mizinga iliyotekwa kwa Wafaransa. Bamba moja laonyesha vita vya mwaka 1798 katika pwani ya Misri, karibu na mlango wa Mto Nile. Bamba la upande wa kusini, lililochongwa na John Edward Carew, laonyesha kufa kwa Nelson. Miongoni mwa mabaharia waliomo yuko mtu mweusi, bunduki mkononi, akiangalia juu kumtafuta adui.

Mtu huyo hakuwekwa pale kuwa pambo tu. Manowari Victory ilichukua watu zaidi ya 800, na orodha zao zaonyesha kuwa wengine walizaliwa mbali na Uingereza, hata Afrika na visiwa vya Karibi. Walivuta kamba, wakajaza mizinga, wakafa kama wenzao.

Nguzo imempandisha juu mtu mmoja, naye alistahili, kwani alitoa maisha yake. Lakini amiri peke yake haendeshi hata jahazi moja. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Basi atakaye kuijua habari ya ushindi ule, na atazame juu kwa amiri, kisha ainamishe macho awatazame na mabaharia wake.