Wimbo Unapomsaidia Aliyeona Ghasia

Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu 1,133 nchini Kenya, kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyozichunguza. Mathare, Huruma, Kariobangi na Dandora ni miongoni mwa mitaa iliyoumia. Hadi leo wapo wanaogutuka bati likigongwa usiku, au wanaoota moto wa siku zile. Hicho ni kiwewe. Si wazimu wala laana. Mwili bado unakesha ukingoja hatari iliyokwisha kupita.

Muziki hufaa kwa kuwa haumdai mtu asimulie. Anayeimba hutoa pumzi ndefu, na pumzi ndefu hutuliza moyo. Anayeimba na wenzake hurudi kati ya watu. Korogocho, karibu na jaa la Dandora, mradi wa Ghetto Classics umefunza watoto vyombo vya muziki tangu 2008. Ni shule ya muziki, si kliniki. Hata hivyo mtoto hupata zamu yake, na wenzake humngoja.

Ploti, chama au kanisa likitaka kuanzisha kikundi:

1. Tafuteni ukumbi au darasa tulivu. Kila mtu ajue anaweza kutoka bila kuulizwa.

2. Anzeni na mdundo kabla ya maneno. Ngoma, kayamba au mtungi mtupu hutosha. Pigeni polepole, epukeni mshindo wa ghafla unaofanana na risasi.

3. Chagueni nyimbo pamoja. Wimbo wa kampeni, au uliopigwa matangani, huweza kutonesha kidonda. Kila mmoja alete wimbo wa kwao, awaeleze wenzake maana yake.

4. Msimshurutishe mtu kusimulia. Akilia, mmoja akae naye.

5. Malizeni kwa wimbo mtulivu, uleule kila wiki.

Kikundi hiki ni egemeo tu. Tiba ya muziki yenyewe huongozwa na mtaalamu aliyeisomea. Anayekosa usingizi kwa wiki nyingi, au anayelewa ili asahau, apelekwe kituo cha afya au Hospitali ya Mathari. Anayetaja kujiua apelekwe siku hiyohiyo. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo. Ya watoto ni 116. Asiende peke yake: aliyezoea kuimba kando yake ndiye amsindikize.