Mawimbi ya sauti yanavyosaidia kuyeyusha damu iliyoganda mapafuni

MAMA amejifungua majuma mawili yaliyopita. Mguu wake mmoja umevimba, una joto, na unauma akikanyaga. Watu wa nyumbani wanamkanda kwa maji moto wakidhani ni uchovu wa uzazi. Siku ya tatu anaamka akihema, kifua kinamchoma akivuta pumzi na moyo unamwenda mbio.

Kilichotokea ni kwamba damu iliganda katika mshipa mkubwa ulio ndani ya mguu. Kisha bonge likang'oka, likapita upande wa kulia wa moyo na kwenda kukwama katika mishipa ya mapafu. Upande huo wa moyo haukuzoea kazi nzito. Unapolazimika kusukuma damu kwenye njia iliyozibwa, hutanuka na kulegea, na mgonjwa anaweza kufa kwa muda mfupi. Walio hatarini pia ni watu waliofanyiwa upasuaji, waliovunjika mguu, wagonjwa wa saratani na wanaolala kitandani siku nyingi.

Tiba iliyozoeleka ni sindano za heparini na baadaye vidonge kama vile wafarini. Wengi hudhani kwamba dawa hizi huyeyusha bonge. Sivyo. Huzuia damu isizidi kuganda, na kazi ya kuliondoa bonge lenyewe huachiwa mwili, nao huchukua majuma au hata miezi.

Dawa za kuyeyusha zipo, kwa mfano alteplesi. Shida yake ni kuwa ikidungwa mkononi huenea mwili mzima, nayo haijui kutofautisha bonge baya na damu iliyoganda kuziba jeraha. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2014 kuhusu dawa ya kundi hili, wagonjwa 10 kati ya 506 walivuja damu ubongoni. Kati ya 499 waliopewa heparini bila dawa hiyo, alikuwa mmoja tu. Si ajabu madaktari wengi husita kuitumia.

Ndipo likaja wazo la kuipeleka dawa moja kwa moja penye bonge. Daktari humpa mgonjwa sindano ya ganzi, hutoboa mshipa wa kinena au wa shingo, kisha huingiza mrija mwembamba uitwao katheta, akiufuata kwa picha za eksirei. Mrija hupita ndani ya moyo wenyewe hadi kwenye bonge. Una matundu madogo ya kutolea dawa, na ndani yake hupitishwa waya wenye vifaa vidogo vinavyotoa mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio. Mawimbi hayo ni ya jamii moja na yale ya mashine inayotumiwa kumtazama mtoto tumboni. Maji ya chumvi hupitishwa humo ili waya usipate joto.

Mawimbi hayavunji bonge kama nyundo. Damu iliyoganda hushikwa na nyuzi za faibrini zilizosukwa kama kiota, na dawa hupata taabu kupenya. Mawimbi huzilegeza nyuzi hizo na kuisukuma dawa ndani. Kwa hiyo dawa kidogo hutosha. Mahali pa miligramu 100 zinazodungwa mkononi kwa saa mbili, utafiti mmoja wa Ujerumani na Uswisi ulitumia miligramu 10 hadi 20 kwa saa 15. Katika wagonjwa hao 59, moyo wa waliowekewa mrija ulirudia hali nzuri zaidi katika saa 24 kuliko wa waliopewa heparini pekee, ingawa baada ya siku 90 tofauti ilikuwa karibu imekwisha. Marekani iliruhusu chombo hiki kitumike kwa mabonge ya mapafuni mwaka wa 2014.

Lakini je, ni mawimbi yanayofanya kazi, ama ni mrija? Mwaka wa 2021 matokeo ya utafiti wa wagonjwa 81 huko Marekani yalionyesha kuwa mrija wa kawaida, usio na mawimbi, ulipunguza bonge kwa kiasi kile kile. Kwa maoni yangu hiyo ni habari njema kwa hospitali zisizo na fedha nyingi, kwa kuwa mrija wa kawaida ni wa bei nafuu zaidi.

Mrija haumfai kila mtu. Mgonjwa ambaye presha yake imeshuka na anazirai hana saa 15 za kungojea. Huyo huhitaji dawa kamili mkononi mara moja, au upasuaji. Aliyewahi kuvuja damu ubongoni, au aliyepasuliwa karibuni, anaweza kuvuja damu hata kwa kipimo kidogo. Kwa sababu hiyo mama wetu, hasa akiwa alijifungua kwa upasuaji, amwambie daktari tarehe hiyo kabla ya jambo lingine lolote. Na hata bonge likiyeyuka, atakunywa vidonge vya kuzuia damu kuganda kwa muda usiopungua miezi mitatu.